Ulimi wa Fundi

Sehemu ya Kumi na Nne: Bakuli la Katikati

Mabakuli yalikuwa matatu, na Fundi alikuwa hajagusa hata moja.

Kama gazeti la wiki jana lilikupita, au ulilifungia sabuni kabla hujalisoma, shika haya machache twende pamoja. Fundi ni mpishi mkuu wa ile hoteli ya Kichina yenye pilipili kali kuliko zote mjini. Miaka mitatu iliyopita homa ilimlaza wiki mbili, na ilipomwachia ikaondoka na ladha yote ya kinywani na harufu yote ya puani. Tangu siku hiyo ukimpa nyama na ukimpa sabuni, kwake ni mamoja. Wanaojua ni wawili tu: mkewe, anayemwonjea kila chungu nyuma ya pazia la jikoni, na mdogo wa huyo mke, anayekata mboga humo humo.

Mke ana jina lake zuri alilopewa na wazazi. Lakini pale kazini Fundi ni kaka wa wote, basi mkewe huitwa Shemeji na wote, hata na Bibi, yule mama wa Kichina mwenye hoteli, ambaye ushemeji nao haujui unaanzia wapi.

Bibi anarudi kwao mwisho wa mwezi, magoti yamegoma. Ameahidi jiko atamwachia mtu anayelijua, kwa karatasi na sahihi. Na wiki jana, ukumbi umejaa wasafiri ishirini na wanane, yule Mwandishi wa vitabu vya kuwaongoza wasafiri mahali pa kula alisimama akaomba kitu kidogo tu: Fundi aje aonje mbele ya watu.

Bibi alichota supu mwenyewe. Supu nyekundu, chungu kimoja, mabakuli matatu, na kukoleza akakoleza bakuli kwa bakuli. Katika moja alikuwa ameiharibu.

"Lipi," aliuliza, "na lina nini?"

Hapo ndipo tulipowaacha, na Fundi bado anatokwa jasho.

Sasa Shemeji ndiye aliyelibeba sinia kutoka jikoni. Nyuma ya pazia alikuwa amechovya ncha ya kidole katika kila bakuli, na alijua. La katikati halikuwa na chumvi hata chembe.

Jikoni pale moto unanguruma na feni inalia, mtu hasikiki, kwa hiyo wanandoa hawa walijitungia ishara zao. Shemeji akigusa sikio, chumvi. Akigusa shingo, siki. Akifuta mikono kwenye aproni, chungu kiko sawa, pakua. Miaka mitatu hawakuwahi kupishana hata siku moja.

Aliliweka birika la chai nyuma ya bakuli la katikati, taratibu, ili mumewe aone. Kisha akagusa sikio.

Najua mtanipigia kelele. Wapo wasomaji waliokwisha kumwandikia mhariri kwamba mwanamke huyu ni mjinga, kwa sababu asubuhi ile ile alimsikia mumewe akimwambia Mwandishi kwamba jikoni anapika peke yake, na mkewe ni wa kuosha vyombo. Alimsikia kwa masikio yake mawili, amesimama mlangoni na beseni la vikombe, na Fundi alipogeuka wakatazamana.

Basi kwa nini amwokoe? Kwa sababu jiko likimponyoka Fundi limewaponyoka wote wawili. Na kwa sababu alikuwa bado ana ugonjwa ule wa wake wengi, wa kudhani mume akisifiwa mbele za watu aibu itamsukuma amtaje na mwenzake. Mimi sina dawa ya ugonjwa huo.

Fundi alionja la kulia. Akaonja la katikati. Akaonja la kushoto, amefumba macho kama mtu anayesali, na wasafiri wakampiga picha. Alipofumbua aliliona birika, akauona mkono wa mkewe sikioni.

Lakini mtu aliyekwisha kukudhulumu hawezi kuamini kwamba bado unamtakia mema. Fundi alikumbuka yale macho ya mlangoni. Akajiambia, huyu leo ananilipizia, ananielekeza shimoni. Alipoonyeshwa la katikati, akaamua kwamba kasoro popote ilipo, si katikati.

"Hili la kushoto," alisema. "Siki imezidi."

Bibi akachota kijiko kutoka bakuli la kushoto, akameza. Akachota la katikati, akameza.

"La kushoto liko sawa," alisema. "La katikati halina chumvi."

Msafiri mmoja alicheka, halafu akaona wenzake hawacheki akanyamaza. Shemeji alikuwa amemwonyesha kweli tupu, na mume amejizamisha kwa kuikwepa.

Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini Fundi hakuwa tayari kuumbuka peke yake. Alimgeukia mkewe mbele ya ukumbi mzima.

"Ni mke wangu huyu, Bibi. Ndiye aliyebeba sinia, ameyachanganya mabakuli. Yeye ni mtu wa vyombo, mambo ya jikoni hajui."

Bibi hakuwa mtoto mdogo. Alimjibu kwamba bakuli hata lizungushwe mara kumi, ulimi hauangalii limekaa wapi. Kisha akamtazama Shemeji, na ukumbi wote ukamtazama Shemeji.

Shemeji aliliweka sinia mezani.

"Sikuchanganya kitu," alimwambia mumewe. "Nimekuonyesha la katikati, nikakugusia chumvi, kama ninavyokuonyesha kila siku ya Mungu. Hukuniamini."

"Mke wangu, nyamaza."

"Nimenyamaza miaka mitatu."

Akawaeleza wote, maneno machache, bila kupamba. Homa. Ulimi uliokufa. Pazia. Ishara. Alisema hakuna bakuli lililotoka jikoni humo kwa miaka mitatu ambalo halikupita kinywani mwake kwanza, na kwamba vidonda vya tumbo alivyonavyo si vya kuosha vyombo.

Fundi alisema ni uongo, mwanamke amechanganyikiwa. Bibi hakubishana na mtu. Alimsogezea Shemeji bakuli la kulia, lile ambalo hakuna aliyekuwa akilijali, akamwambia aonje aseme.

Shemeji alionja mara moja tu. Alisema maharage yaliyovundikwa na pilipili ni ya mtungi wa mwaka juzi, ule wa chini ya ngazi, kwa sababu yana uchungu kidogo mwishoni. Alisema siki ni ya chupa mpya. Alisema ile pilipili ya ganzi, inayofanya midomo ife kama imechomwa sindano ya jino, imekaangwa kavu mara mbili, na mara ya pili ziliungua punje tatu au nne.

"Na aliyekaanga ni wewe, Bibi," alimalizia. "Mimi siunguzi."

Bibi alicheka hadi akakohoa. Ilikuwa kweli, alikaanga mwenyewe alfajiri, na aliunguza punje chache alipokwenda kufungua mlango.

Wasafiri walipiga makofi. Kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu Shemeji alipigiwa makofi, na nitakuwa mwongo nikisema hakufurahi. Alifurahi mpaka macho yakamjaa maji. Alidhani yamekwisha. Alidhani karatasi imepata mwenyewe.

"Mimi nilijua," Bibi akasema.

Kila mtu akageuka.

Alisema alijua tangu mwezi wa pili baada ya ile homa. Supu ilianza kuwa nzuri kuliko zamani, akajiuliza mgonjwa gani huyu anayeamka na ulimi bora kuliko aliolala nao. Akachungulia pazia siku moja, akaona. Shemeji alimuuliza, kwa heshima zote, kama alijua mbona hakusema.

"Jiko lilikuwa linakwenda," Bibi alijibu. "Wapishi wawili, mshahara wa mpishi mmoja. Kwa nini niseme?"

Makofi yalikuwa yamekwisha. Shemeji alimtazama yule mama aliyemfundisha kushika upawa, aliyemwita mwanangu siku za sikukuu zao, akajiona jinsi alivyopakwa mafuta kwa mgongo wa chupa muda wote huo. Mumewe alimficha kwa hofu. Huyu alimwacha afichwe kwa faida, na sijui kati ya hao wawili nani mbaya zaidi.

Hata hivyo alimeza. Alisema basi yaliyopita yamepita, na kwa kuwa Bibi anajua na ukumbi umeona, aandike karatasi kwa jina la anayestahili.

Hapo Mwandishi alikohoa.

Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye tabia ya kuomba radhi kabla ya kukukanyaga. Aliomba radhi. Alisema ameguswa sana na habari hii, lakini kuna jambo. Kitabu kimekwisha kutoka. Kimechapwa wiki iliyopita, maboksi yapo kwenye gari la wasafiri hapo nje, na leo alikuja kukizindua tu. Ile ya kuonja ilikuwa burudani ya wageni, hakujua ingewasha moto.

Alitoa nakala mkobani akampa Shemeji, kama mtu anayempa mfiwa kitambaa cha kufutia machozi.

Ukurasa mzima ulikuwa picha ya Fundi ameshika upawa mbele ya moto. Pembeni, kwenye ukingo wa picha, ulionekana mkono wa mwanamke umebeba sahani. Mkono tu, hadi kwenye kiwiko.

Shemeji aligeuza ukurasa, akaanza kusoma. Na hapa, wasomaji wangu, nawaomba mkae vizuri.

"Usianze na moto," kitabu kilisema. "Anza na kitu baridi, tango lililopondwa kwa kitunguu saumu, kinywa kijue kimefika wapi."

"Pilipili kavu zilizoifunika sahani si za kula. Zimeshamaliza kazi yake kwenye mafuta. Zisogeze pembeni kwa vijiti, nyama iko chini yake."

"Midomo ikifa ganzi usiogope, wala usikimbilie maji. Maji yanautembeza moto kinywa kizima. Kula wali mweupe, upumue kwa pua."

"Mkiwa wanne, agizeni sahani nne tofauti: moja kali, moja yenye uchachu, moja ya majani matupu, moja ya supu. Zikae katikati. Anayejifungia na sahani yake peke yake atatoka hapa analia."

"Ukiulizwa unataka kali ya mgeni au kali ya nyumbani, jibu ukweli. Ushujaa utaujutia kesho asubuhi."

Aliyajua maneno hayo moja moja. Yalikuwa yake. Mwezi uliopita Mwandishi alikaa siku tatu kwenye meza ya dirishani, macho mekundu, kamasi zinamtoka, na Shemeji alipomwonea huruma akawa anamwekea chai na kumweleza namna ya kula. Alimweleza kama unavyomweleza mgeni nyumbani kwako. Siku ya pili alimtania kwamba mtu haji kula supu nyekundu amevaa shati jeupe, huko ni kutafuta ugomvi na anayemfulia.

Shati lilikuwamo pia. Mstari wa mwisho wa ukurasa: "Fundi aliliangalia shati langu jeupe akacheka, akaniambia nimekuja kutafuta ugomvi na anayenifulia."

"Fundi hakuliona shati lako," Shemeji alisema. "Fundi hakutoka jikoni siku zile tatu."

Mwandishi aliomba radhi tena. Alisema vitabu vya aina ile wasomaji hupenda maneno yatoke kwa mpishi mkuu, si kwa mhudumu, na kwamba Fundi alipoulizwa kama maneno hayo anayakubali aliitikia kwa kichwa. Aliahidi toleo lijalo atarekebisha. Toleo lijalo ni baada ya miaka miwili, alipobanwa akasema labda mitatu.

Shemeji alimwangalia mumewe. Fundi alikuwa ameinamisha kichwa, lakini mtu aliyelala naye kitanda kimoja miaka kumi na mmoja alijua hiyo si aibu. Alikuwa anasubiri mambo yamnyookee.

Na yalimnyookea. Bibi alikichukua kitabu, akakipindua pindua. Ilikuwa saa saba ya mchana, mlangoni watu walikuwa wanazidi kuingia, na wanne kati yao walikuwa na kitabu hicho mkononi, wamekinunua garini hapo nje, kimefunguliwa kwenye ile picha.

"Wageni watakuja na hiki," alisema. "Watamtaka mtu wa kwenye picha. Jina la jiko litakuwa la Fundi. Ulimi utakuwa wako. Kama zamani."

"Na karatasi?"

"Karatasi ina mahali pa jina moja."

"Bibi, nimekuonjea chungu chako miaka mitatu."

"Onja mingine," Bibi alisema, na hakusema kwa ukali. Alikuwa mzee na amechoka, anataka kwenda kufa kwao akijua chungu bado kinachemka. "Tangu lini ulimi ukataka jina?"

Tusi lingekuwa na nafuu. Tusi lina mwisho wake. Hili lilisemwa kwa upole, kama ushauri wa mama kwa binti, na Shemeji hakupata pa kulishika alirudishe.

Alirudi jikoni kwa sababu miguu yake haikujua njia nyingine. Mdogo wake alikuwa kwenye ubao wa kukatia, kisu kimesimama mkononi, amesikia yote. Huyu ni mama wa watoto wawili, aliyeachwa mwaka juzi na mume asiyetuma hata salamu, na anaishi chumba cha nyuma kwa dada yake. Kazi hii ndiyo sahani na ndiyo paa lake.

"Dada, kubali," alisema polepole. "Tukitoka hapa tunakwenda wapi?"

Fundi aliingia nyuma ya mkewe, akavaa kofia yake nyeupe, akawasha moto. Maagizo yalikuwa yanamiminika, supu nyekundu sita, kuku wa pilipili kavu watano, samaki wawili. Karai lilinguruma. Kwa muda Fundi alifanya kazi kana kwamba hakuna kilichotokea, na labda kwake hakikutokea kitu. Kisha akachota supu kwa upawa, akaunyoosha kuelekea kwa mkewe, bila hata kumtazama.

"Yale tutazungumza nyumbani," alisema. "Wageni wamekaa. Onja hii."

Upawa ulibaki hewani. Mara hii ilikuwa ya elfu ngapi, hata yeye hakujua. Kinywa chake kilitaka kufunguka chenyewe, kwa mazoea.

"Onja mwenyewe," Shemeji alisema.

Alifungua kamba ya aproni, akaivua, akaiweka juu ya ubao, kando ya matango. Fundi alimwita. Alimwita kwa jina lake lile zuri la wazazi, ambalo hakulitumia mchana hata siku moja tangu waanze kazi pale. Lilikuwa limechelewa. Alilipita pazia.

Mngedhani angetoka nje. Hata mimi nilidhani. Lakini alikwenda moja kwa moja hadi meza ya dirishani, akavuta kiti, akakaa, akaazima kile kitabu meza ya pili, akakifungua mbele yake kama msafiri yeyote aliyeshuka leo.

Mhudumu mmoja alimsogelea, hajui ashike kalamu au akimbie. Shemeji aliagiza kwa kidole juu ya ukurasa, kwa mpangilio ule ule uliochapwa. Tango baridi kwanza. Wali mweupe. Majani matupu. Kisha supu nyekundu.

"Kali ya mgeni au ya nyumbani?" mhudumu aliuliza, masikini, maana ndivyo alivyofundishwa, na aliyemfundisha ni huyu huyu aliyekaa.

"Ya nyumbani. Mwambie Fundi naingoja."

Bibi alikuja kwa hatua zake za magoti mabovu, akamwinamia sikioni, akamwamuru ainuke. Shemeji alimjibu kwa sauti ya kusikika meza tatu kwamba yeye leo ni mgeni, na mgeni haondolewi mezani kabla chakula hakijafika. Wasafiri walikuwa wanatazama. Bibi, ambaye hajawahi kumfukuza mgeni tangu afungue mlango ule, alirudi kwenye kaunta yake akakaa.

Na sasa niseme alichotaka Shemeji, kwa sababu yeye asingekiri. Alitaka supu ije imeharibika. Alitaka ije bila chumvi, au imejaa siki, iwe takataka, na wale ishirini na wanane na waliokuwa wanaingia waiteme mbele ya ile picha. Alitaka jiko limlilie. Mtu akikaa miaka mitatu nyuma ya pazia, hilo ndilo analobaki nalo, kusubiri waone pengo lake.

Tango lilikuja, akala. Majani yakaja. Meza nyingine nazo zilianza kupokea mabakuli yao mekundu, na Shemeji aliona msafiri wa kwanza akiingiza kijiko. Alisubiri amkunjie uso mwenzake.

Msafiri alimeza. Akafuta paji la uso. Akaingiza kijiko tena.

Bakuli la Shemeji lilifika, linafuka moshi. Aliliangalia kwanza. Rangi ilikuwa yenyewe, mafuta yamekaa juu inavyotakiwa. Rangi si kitu, alijiambia, Fundi macho anayo. Akachota, akaonja.

Chumvi ilikuwa sawa. Siki ilikuwa sawa. Ganzi ilikuja taratibu, kutoka pembeni mwa ulimi, mahali pake.

Na mwishoni kabisa, baada ya moto wote kupita, kulikuwa na sukari. Chembe tu, ya kufunga uchungu wa maharage ya mtungi wa mwaka juzi. Sukari hiyo haimo kwenye kitabu. Bibi haitii. Fundi hajui kwamba huwa inatiwa. Shemeji aliigundua mwenyewe mwaka jana, na alimfundisha mtu mmoja tu duniani, nyumbani kwake, jioni baada ya jioni, akimfunga kitambaa machoni na kumlisha vijiko, ili siku moja naye asihitaji mume wa kumtegemea.

Kikulacho ki nguoni mwako. Lakini ukikipika mwenyewe, ukakilea mwenyewe, kinauma zaidi.

Pazia lilifunguka. Mdogo wake alitoka, amevaa aproni iliyoachwa juu ya ubao. Kamba yake alikuwa ameizungusha mara mbili kiunoni, kwa kuwa ni mwembamba. Bibi kwenye kaunta aligeuza macho upande mwingine, na hilo lilitosha kueleza nani aliyemwambia aivae.

Alisimama mbele ya meza ya dirishani kama mwanafunzi. Machozi yalikuwa yanamtoka, na mikono ilikuwa na harufu ya pilipili hata hakuthubutu kuyafuta.

"Dada," alisema, "chumvi iko sawa?"

Hakuwa anamkejeli. Hiyo ndiyo iliyomuua Shemeji. Alikuwa anauliza kweli, kwa sababu hakuna mtu mwingine ukumbini mle ambaye angeweza kumjibu.

Angesema haiko sawa, Bibi angesikia, jiko lingeyumba, na mdogo wake angerudi kwenye matango. Angesema iko sawa, amelitoa jiko kwa kinywa chake mwenyewe, mbele ya mashahidi. Lakini katika maisha yake alikuwa amedanganya kuhusu kila kitu kwa ajili ya mumewe, kuhusu homa, kuhusu pazia, kuhusu yeye mwenyewe ni nani. Kuhusu chungu hajawahi.

"Iko sawa," alisema. "Hata mimi nisingeongeza kitu."

Mdogo mtu alijikunja kama amepigwa. Shemeji alinyoosha mguu chini ya meza, akakisukuma kiti cha upande wa pili hadi kikamgusa magoti.

"Sasa vua hiyo aproni, ukae tule. Chungu kimoja hakitupi majina sisi wawili, na hao hawatakupa hata wewe. Watakuita shemeji wa Fundi mpaka uzeeke."

Mwandishi alikuwa amefungua kijitabu chake, kalamu iko juu, na safari hii hakuomba radhi.

Nyuma ya pazia karai lilinguruma, na sauti ya Fundi ikasikika, ile ile, yenye haraka, isiyojua hata inamwita nani.

"Wewe, njoo uonje hii, inaungua."

Mdogo mtu alikitazama kiti. Akalitazama pazia. Kisha mkono wake mmoja ukaenda mgongoni, kwenye fundo la kamba, ukakaa hapo.